Paukwa Bila Pakawa: Simujanja, Usingizi na Maneno ya Mtoto

Saa moja na nusu usiku, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na ua mmoja, moto wa mkaa umekwisha kufifia na chakula kimepakuliwa. Mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane ameketishwa mkekani. Simu imeegemezwa kwenye jagi la maji mbele yake, na katika kioo chake vibonzo vya rangi kali vinaimba kwa lugha asiyoijua. Kila anapoachama kwa mshangao, kijiko cha wali uliopondwa huingizwa kinywani. Bakuli linakwisha bila kilio, bila kukimbizana, na bila neno hata moja kutamkwa baina ya anayelisha na anayelishwa. Simu inapozimwa, ndipo kilio kinapoanza.

Mandhari ya namna hii si mageni kwa mkazi wa Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa. Mzazi anayeitoa simu hiyo aghalabu hafanyi hivyo kwa uzembe. Ametoka kazini akiwa amechoka, ana chungu jikoni na nguo kambani, na hana wa kumpokea mtoto. Simu imekuwa yaya asiyedai mshahara. Hata hivyo, moyoni hubaki swali: je, kifaa hiki kinamdhuru mtoto?

Jibu la kitabibu huanza kwa kuuliza swali jingine: simu inapoingia katika saa fulani ya siku ya mtoto, ni kitu gani kinachoondoka? Kikiondoka kilio tu, hasara ni ndogo. Yakiondoka maongezi, usingizi na mchezo wa nje, hasara huonekana katika ulimi, katika akili na katika macho.

Mduara uliozidi kupungua

Vyombo vya mawasiliano havikuingia majumbani mwa Afrika Mashariki kama mali ya mtu mmoja mmoja. Redio ilikuwa ya ukoo mzima, na mara nyingine ya kijiji kizima. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya nchini Tanzania iliwafikia watu wazima wapatao milioni mbili kwa njia ya redio, wakiwa wamejipanga katika vikundi vya kusikiliza. Kipindi kilipokwisha, redio ilizimwa, kijitabu kikasomwa kwa sauti, na wanakikundi wakajadiliana kuhusu malaria, maji na vyoo, kisha wakagawana kazi. Sauti ya redioni ilikuwa nusu ya somo. Nusu ya pili ilikuwa mazungumzo yaliyofuata.

Televisheni nayo ilianza kwa mkusanyiko. Zanzibar iliipata mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Katika miaka hiyo ya mwanzo runinga moja ilitosha mtaa. Watoto walijazana sebuleni kwa jirani, na waliokosa nafasi walichungulia dirishani. Katika vibanda umiza, filamu za kigeni zilifasiriwa papo hapo na mtu aliyechanganya tafsiri na utani wake, nao watazamaji wakamjibu kwa vicheko na makelele. Mitambo ya analojia ilipozimwa jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, king'amuzi kikawa sharti la kila sebule yenye runinga, na idadi ya chaneli ikaongezeka kuliko idadi ya watazamaji wa nyumba.

Kisha ikaja simujanja. Leo watu watano wa nyumba moja huweza kuketi kwenye kochi moja wakitazama mambo matano tofauti, kila mmoja na bando lake. Faida zake haziwezi kubezwa. Mwaka 2012, kampeni ya Wazazi Nipendeni ilianza kutuma ujumbe mfupi wa afya kwa wajawazito na wazazi wa watoto wachanga nchini Tanzania. Fedha za matibabu hutumwa kwa simu usiku wa manane, na mgonjwa wa kijijini humpata daktari wa mjini kwa dakika chache. Lakini kwa mtoto mdogo mabadiliko makubwa zaidi ni haya: chombo kilichokuwa kikiwaleta watu pamoja sasa huweza kumtenga akiwa katikati yao.

Hadithi isiyosubiri kuitikiwa

Hadithi ya Kiswahili haianzi mpaka msikilizaji aitike. Msimulizi husema "Paukwa!" na watoto hujibu "Pakawa!" Kitendawili nacho hakitegwi mpaka wasikilizaji waseme "Tega!" Desturi hii ya wahenga inaafikiana kwa karibu na kile ambacho sayansi ya ubongo wa mtoto imekuja kukieleza. Mtoto hujifunza lugha kwa kupokezana. Yeye huguna, mama humjibu. Yeye huonesha kidole, baba hutaja jina la kitu. Yeye hurudia kwa makosa, dada hucheka na kumsahihisha. Kila zamu ya namna hiyo huimarisha njia za mawasiliano ndani ya ubongo unaokua kwa kasi ambayo mtu mzima hatairudia tena maishani.

Jaribio moja mashuhuri linaonesha uzito wa jambo hili. Mwaka 2003, Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani, walichapisha matokeo ya utafiti kuhusu watoto wachanga wa miezi tisa waliokuwa wakisikia Kiingereza pekee majumbani mwao. Kundi moja lilikutana mara 12 na watu wazima waliozungumza nao, kuwasomea na kucheza nao kwa Kichina cha Mandarin. Kundi jingine liliwaona watu hao hao, likasikia lugha hiyo hiyo, lakini kwa njia ya video. Mwishoni, watoto waliokaa na watu halisi waliweza kutofautisha sauti za lugha hiyo ngeni. Wale wa video hawakuonesha kujifunza chochote. Sauti ilikuwa ileile. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaitikia.

Utafiti wa karibuni zaidi, uliochapishwa mwaka 2024, ulifuatilia familia 220 nchini Australia kwa kumvalisha mtoto kifaa kidogo cha kurekodi sauti. Watoto walipofikia umri wa miaka mitatu, kila dakika moja ya ziada mbele ya skrini iliandamana na upungufu wa maneno kama saba kutoka kwa watu wazima, sauti kama tano kutoka kwa mtoto mwenyewe, na zamu moja ya maongezi baina yao. Utafiti wa aina hii huonesha mambo yanayoandamana, nao peke yake hauthibitishi kwamba moja limezaa jingine. Lakini maana yake si ngumu kuielewa. Mtoto anayetazama simu hunyamaza, na anayemlea naye hunyamaza.

Kwa sababu hizo, mwezi Aprili 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja hapendekezewi skrini kabisa. Mtoto wa mwaka mmoja naye hapendekezewi. Kuanzia miaka miwili hadi minne, muda usizidi saa moja kwa siku, na ukipungua ni bora zaidi.

Mambo mawili yanapaswa kutofautishwa hapa. La kwanza ni simu ya video. Babu aliyeko Muscat au shangazi aliyeko Minneapolis anapomwita mtoto kwa jina lake, akamsubiri ajibu, na akacheka anapocheka, hayo ni maongezi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionesha kwamba watoto wa takriban miaka miwili na zaidi waliweza kujifunza vitenzi vipya kwa mtu aliyezungumza nao moja kwa moja kwa video, lakini hawakujifunza kwa video iliyorekodiwa. La pili ni ubora wa kipindi. Utafiti uliofanyika Morogoro na kuchapishwa mwaka 2018 uliwapima watoto wa umri wa chekechea waliotazama Akili and Me, katuni ya elimu iliyotengenezwa Tanzania, na kukuta wamepiga hatua katika stadi kama vile kuhesabu na kutambua maumbo kuliko wenzao waliotazama vipindi vingine. Kipindi kilichotungwa kwa ajili ya umri wa mtoto na katika mazingira anayoyajua kinaweza kumfaa. Video zinazofuatana zenyewe bila mwisho, katika lugha ambayo hakuna mtu nyumbani anayeizungumza, ni jambo jingine.

Kulisha mbele ya simu kuna hasara ya ziada. Mtoto huzaliwa na uwezo wa kujua njaa na shibe yake. Hugeuza uso anaposhiba, hunyoosha mkono anapotaka zaidi. Wataalamu wa lishe huhimiza kulisha kwa kufuata ishara hizo. Mtoto aliyetekwa na picha hameng'enyi kwa akili kile anachokula: hajui ladha, hajui kiasi, wala hajifunzi kushika kijiko.

Mwanga unaochelewesha usiku

Usingizi nao una saa yake mwilini. Giza linapoingia, tezi ndogo iliyo ndani ya ubongo, iitwayo pineali, huanza kutoa homoni ya melatonini, ambayo huuarifu mwili kwamba usiku umefika. Ndani ya jicho zimo seli zinazopokea mwanga, hasa wa rangi ya buluu, na kuituliza tezi hiyo. Mwanga wa jua la asubuhi hufanya kazi hiyo kwa manufaa. Mwanga wa simu iliyo sentimeta chache kutoka usoni, saa nne za usiku, huifanya kwa wakati usiofaa.

Watafiti wa hospitali moja ya mjini Boston waliwaalika watu wazima 12, wakawapa kusoma kwa saa nne kabla ya kulala: kwa usiku tano mfululizo kitabu cha karatasi, na kwa usiku tano mfululizo kishikwambi kinachotoa mwanga. Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa mwaka 2014. Walipotumia kishikwambi, walichelewa kupata usingizi kwa takriban dakika kumi, melatonini yao ilipungua jioni kwa zaidi ya nusu, na asubuhi waliamka na uchovu zaidi ingawa walilala muda uleule. Kundi lilikuwa dogo na mwanga ulikuwa mkali, lakini funzo lake linawahusu watoto zaidi, kwa kuwa mboni zao ni pana na lenzi za macho yao ni angavu kuliko za watu wazima.

Mwanga si mwizi pekee. Mchezo wa simu ambao haujakwisha, gumzo la kundi la marafiki na mechi ya ugenini huuweka ubongo macho hata kama kioo kimefifishwa. Hesabu ya usingizi wenyewe ni kali. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili huhitaji saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Wa miaka mitatu hadi minne huhitaji saa 10 hadi 13, na mwanafunzi wa shule ya msingi saa 9 hadi 12. Mwanafunzi wa darasa la tatu anayeamka saa kumi na moja alfajiri ili kuwahi basi la shule hana budi awe amelala saa mbili usiku ndipo atimize saa tisa. Saa hiyo ndiyo runinga nyingi hufungua taarifa ya habari, na ndiyo watu wengi wa nyumbani huwa wameketi kupumzika. Mtoto anayesinzia darasani, anayekasirika upesi au anayesahau alichofundishwa jana huenda hana tatizo la akili wala la nidhamu; huenda ana deni la usingizi.

Macho yanayohitaji upeo wa mbali

Wazazi wengi huogopa kwamba mwanga wa simu unaunguza macho. Hakuna ushahidi thabiti kwamba simu ikitumiwa kwa kawaida huharibu retina. Yanayojulikana ni mengine. Mtu anayekazia macho kioo hupepesa kope mara chache, na macho yake hukauka na kuwasha. Zaidi ya hayo, kwa mtoto anayekua, kutazama vitu vya karibu kwa muda mrefu pamoja na kukosa mwanga wa nje huandamana na tatizo la kutoona mbali. Jicho hurefuka kupita kiasi, picha ikaangukia mbele ya retina, na ubao wa darasani ukawa ukungu.

Katika miji kadhaa ya Asia ya Mashariki, wengi wa vijana wanaomaliza shule tayari wana tatizo hilo. Huko ndiko pia ulikotoka ushahidi wa kinga yake. Katika mji wa Guangzhou, China, shule 12 za msingi ziligawanywa katika makundi mawili, na kundi moja likaongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015, asilimia 30.4 ya watoto wa kundi hilo walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, ikilinganishwa na asilimia 39.5 ya wenzao. Dawa hiyo haiuzwi dukani. Rede, kombolela, na kipande cha ardhi cha kuchezea mpira wa makaratasi vinaitoa bure, maadamu uwanja haujajengwa na mtoto hajafungiwa ndani na kishikwambi.

Kitabu katika kiganja

Kwa upande wa kusoma, hukumu haiwezi kuwa ya upande mmoja. Uchambuzi wa tafiti 54, uliochapishwa mwaka 2018, uligundua kwamba wasomaji huelewa maandishi ya maarifa vizuri zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye skrini, hasa wanapokuwa na muda mfupi. Kwa hadithi, tofauti hiyo haikuonekana. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani ana sababu ya kuchapisha notsi zake au kuziandika kwa mkono.

Lakini katika nyumba isiyo na kitabu hata kimoja, ulinganisho huo hauna maana. Mwaka 2014, ripoti ya UNESCO kuhusu usomaji wa simu katika nchi saba zinazoendelea ilionesha kwamba takriban mmoja kati ya watatu waliohojiwa aliitumia simu yake kuwasomea watoto hadithi. Simu iliyo mkononi mwa baba anayesoma kwa sauti, mtoto akiwa mapajani na akiuliza "Kisha ikawaje?", ni kitabu kama kitabu kingine. Kinachomsaidia mtoto ni sauti ya baba na mapaja yake.

Wakubwa nao

Ingekuwa dhuluma kuwahesabia watoto dakika na kuwasamehe wakubwa. Watafiti waliowaangalia walezi 55 wakila na watoto katika migahawa ya mjini Boston, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2014, waliona kwamba 40 kati yao walitumia simu wakati wa mlo, na baadhi yao hawakuiweka chini. Mtoto anayepiga kelele mezani mara nyingi hushindana na kioo kwa ajili ya uso wa mzazi wake. Dada wa kazi hufuata anachokiona kwa mwajiri wake, na mtoto hufuata anachokiona kwa wote wawili.

Hatua zinazofaa hazihitaji fedha. Mlo uwe bila simu, ya mkubwa wala ya mdogo. Saa moja kabla ya kulala, vifaa vichajiwe mahali pengine; familia inayolala chumba kimoja iziweke simu juu ya kabati, kioo kikitazama chini na sauti ikiwa imezimwa. Mpangilio unaofungulia video inayofuata wenyewe uzimwe, ili kipindi kiwe na mwanzo na mwisho. Mtoto wa miaka miwili na zaidi anapotazama, mtu mzima akae karibu na kuuliza: huyu nani, anafanya nini, sisi tunacho hapa nyumbani? Jikoni, sufuria tupu, mwiko na vifuniko humshughulisha mtoto, naye hubaki karibu na anayempikia, akisikia majina ya vitu. Mtoto aliyezoea simu atalia siku za mwanzo. Kilio hicho kwa kawaida hupungua, mradi walezi wote wa nyumba washike msimamo mmoja.

Jambo moja halipaswi kuahirishwa. Mtoto asiyetoa sauti za kubwabwaja anapotimiza mwaka mmoja, asiyeitikia jina lake, asiyesema neno lolote kufikia miezi 16, au asiyeunganisha maneno mawili anapofikia miaka miwili, apelekwe kituo cha afya. Vivyo hivyo mtoto aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo. Huenda hasikii vizuri, au ana tatizo la ukuaji linalohitaji msaada wa mapema. Kuilaumu simu na kungoja "atazungumza tu akikua" kunaweza kumgharimu miezi ambayo tiba ingemfaa zaidi.

Usiku wa kwanza bila simu kwenye jagi, huenda bakuli lisikwishe. Wali utamwagika mkekani, mlo utachukua dakika 30 badala ya 10, na mama atasinzia akiwa ameshika kijiko. Katikati ya vurugu hiyo, mtoto atanyoosha kidole kwenye jagi na kusema "ma". Mama atasema, "Maji? Unataka maji?" Mtoto atamtazama mdomoni, kisha atajaribu tena.